Saratani ya Ini: Viashiria vya Damu, Tabia za Uvimbe na Ghala la Mahindi Kagerankanda

Mgonjwa anayetumwa kupima ini katika hospitali ya wilaya au ya mkoa huweza kurudi na karatasi yenye herufi tatu, AFP, na tarakimu pembeni yake. Baadhi ya wananchi huiona tarakimu kubwa wakahitimisha kuwa tayari wana saratani. Wengine husoma kwamba kiwango ni cha kawaida, wakarejea mashambani wakiamini ini lao ni zima, na hawaonekani tena hospitalini hadi tumbo linapoanza kujaa maji. Makosa yote mawili yana gharama, ila la pili ndilo lenye madhara makubwa zaidi, kwa kuwa huchelewesha uchunguzi katika kipindi ambacho tiba ingali inawezekana.

Kipimo hicho ni kimoja kati ya vinavyoitwa viashiria vya uvimbe, yaani protini ambazo kiwango chake katika damu hubadilika pale seli za saratani zinapokuwapo mwilini. Kiashiria hakitoi hukumu peke yake. Husomwa pamoja na ukubwa na idadi ya vinundu vilivyomo kwenye ini, hali ya mishipa ya damu iliyo jirani, uzima wa sehemu ya ini iliyobaki na historia ya mgonjwa. Aidha, kwa wakazi wa maeneo yanayotegemea mahindi na karanga, vipo viashiria vingine viwili vinavyoweza kuonekana kwenye damu miaka mingi kabla uvimbe haujatokea. Hivyo havizungumzwi sana, ingawa ndivyo vyenye manufaa mapana zaidi kwa umma.

Takwimu za Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO), zinaonesha kuwa mwaka 2022 watu wapatao 866,000 duniani waligundulika kuwa na saratani ya ini na wengine wapatao 758,000 walifariki kutokana nayo. Kukaribiana kwa tarakimu hizo mbili kunatosha kueleza ukali wa ugonjwa huu. Aina inayoongoza huanzia katika seli zenyewe za ini, na ndiyo inayohusika katika maelezo yafuatayo. Saratani zilizoanzia kwenye utumbo, titi au kiungo kingine kisha zikasambaa hadi kwenye ini ni ugonjwa tofauti, wenye viashiria na tiba tofauti.

Kagerankanda ipo Wilaya ya Kasulu, Mkoa wa Kigoma, na jina hilo hutumiwa pia kwa eneo la msitu na mashamba linalofahamika na wakulima wa Kasulu na Kibondo. Ni nchi ya mahindi, maharage, mihogo na karanga. Mvua huanza Oktoba au Novemba na kuendelea hadi Mei, hivyo mahindi yaliyopandwa mwanzoni mwa msimu huweza kukomaa mvua zikiwa bado hazijakatika. Mkulima anayevuna katika hali hiyo hulazimika kuanika, kuanua na kuanika tena. Punje zinazoingia ghalani zikiwa na unyevu huota ukungu, na baadhi ya ukungu huo, hasa ule wenye rangi ya kijani na manjano, huzalisha aflatoksini, aina ya sumukuvu inayolenga ini kuliko kiungo kingine chochote. Kasulu na Kibondo ni miongoni mwa halmashauri zilizojumuishwa katika Mradi wa Kudhibiti Sumukuvu Tanzania (TANIPAC), uliosimamiwa na Wizara ya Kilimo kwa ufadhili wa Benki ya Maendeleo ya Afrika.

Protini ya mtoto aliye tumboni

AFP ni kifupi cha alfafetoprotini. Hii ni protini ya kawaida kabisa kwa mtoto ambaye hajazaliwa. Hutengenezwa na ini lake changa, na kiwango chake hushuka haraka baada ya kuzaliwa. Kwa mtu mzima mwenye afya hubaki kidogo sana, kwa kawaida chini ya nanogramu 10 katika mililita moja ya damu. Seli za ini zinapogeuka kuwa saratani, baadhi yake hurudia tabia za utoto na kuanza tena kuitengeneza.

Ugunduzi huo una zaidi ya nusu karne. Mwaka 1963 mwanasayansi Garri Abelev na wenzake mjini Moscow waliikuta protini hiyo katika panya wenye uvimbe wa ini, na mwaka uliofuata Yuri Tatarinov akaiona katika damu ya wagonjwa. Afrika Mashariki haikukaa mbali na kazi hiyo. Mwishoni mwa miaka ya 1960, wakati saratani ya ini ilipokuwa ikichunguzwa kwa kina katika Hospitali ya Mulago, Kampala, Elliot Alpert na wenzake walikitumia kipimo hicho kipya kwa wagonjwa wa Uganda. Njia ya maabara ya wakati huo ilihitaji protini iwe nyingi sana ndipo ionekane, hivyo majibu yaliyosomeka kuwa hakuna kitu yalificha wagonjwa wengi. Mashine za sasa hupima kiasi kidogo mno, na jambo hilo limeleta tatizo la upande wa pili, kwani ongezeko dogo lisilotokana na saratani nalo huonekana.

Ongezeko la namna hiyo lina vyanzo vingi. Mama mjamzito huwa na AFP ya juu, na hilo si ugonjwa. Mtu mwenye homa ya ini inayochemka, au mwenye ini lililojaa makovu, huweza kuwa na kiwango cha makumi au hata mamia ya nanogramu bila kuwa na uvimbe wowote, kwa sababu ini lililoumia hujaribu kujijenga upya na seli zake changa hutoa protini hiyo. Baadhi ya saratani za korodani na za ovari pia huipandisha. Kwa sababu hiyo mtaalamu hatazami tarakimu moja tu, bali mwelekeo wake. Kiwango kilichopanda wakati homa ya ini ilipochemka, kisha kikashuka baada ya wiki kadhaa, kina maana tofauti na kile kinachoongezeka kila mara mgonjwa anapopimwa.

Kwa watu wanaofuatiliwa kwa kuwa wamo hatarini, nanogramu 20 kwa mililita ndiyo alama ambayo wataalamu wengi huitumia kuagiza picha zaidi. Kiwango kinachozidi 400, pamoja na kinundu kinachoonekana kwenye ini, huongeza sana uwezekano wa saratani. Hata hivyo takriban theluthi moja ya wagonjwa wa saratani ya ini huwa na AFP isiyovuka mipaka ya kawaida, na uvimbe ulio mdogo, ambao ndio unaotibika, ndio hasa unaopitwa na kipimo hiki. Jibu la kawaida kwa mtu mwenye dalili, au kwa mtu anayeishi na virusi vya homa ya ini aina ya B, halimwondolei haja ya kupigwa picha ya altrasaundi.

Uvimbe wenyewe una tabia gani

Daktari anapoipata picha ya ini huuliza maswali yasiyojibiwa na damu. La kwanza ni ukubwa. Kinundu cha sentimita mbili na kile cha sentimita kumi na mbili vinaweza kuitwa kwa jina moja la ugonjwa, lakini mwenye cha kwanza anaweza kukatwa sehemu ya ini au kuunguzwa kinundu kwa sindano maalumu, ilhali kwa mwenye cha pili nafasi hiyo mara nyingi imekwisha. La pili ni idadi. Mwaka 1996 daktari wa upasuaji Vincenzo Mazzaferro na wenzake mjini Milan walionesha kuwa wagonjwa waliopandikizwa ini huishi muda mrefu iwapo walikuwa na uvimbe mmoja usiozidi sentimita tano, au vinundu visivyozidi vitatu ambavyo hakuna hata kimoja kilichozidi sentimita tatu. Vipimo hivyo bado vinatumika duniani kote, hata pale ambapo upandikizaji haupo, kwa kuwa vinasaidia kutenganisha ugonjwa wa mapema na ule uliokomaa.

Swali la tatu, ambalo wagonjwa hulisikia mara chache, ndilo lenye uzito kuliko yote: je, uvimbe umeingia kwenye mshipa mkubwa unaoleta damu ya utumbo kwenye ini? Saratani ya ini hupenda mishipa. Ikishaingia humo, seli zake husafirishwa hadi sehemu nyingine za ini na kwenye mapafu, na mgonjwa huhesabiwa kuwa katika hatua ya juu hata kama uvimbe wenyewe si mkubwa. Picha ya CT iliyopigwa kwa dawa ya kung'arisha mishipa huonesha hali hiyo. Picha hiyohiyo huonesha pia alama inayoitambulisha saratani hii: kinundu hung'aa dawa inapofika kupitia ateri, kisha hufifia haraka kuliko sehemu nyingine za ini. Kwa mgonjwa mwenye makovu ya ini, alama hiyo ikiwa bayana, wataalamu hukubali utambuzi bila kuchukua kinyama.

Kinyama kinapochukuliwa, mtaalamu wa maabara hutazama jinsi seli zilivyoacha sura ya seli za kawaida za ini. Mpangilio wa madaraja manne uliotolewa na Edmondson na Steiner mwaka 1954 bado ni msingi wa kazi hiyo. Daraja la kwanza ni seli ambazo bado zinafanana na za kawaida. La nne ni zile zilizopotoka kabisa. Hapo ndipo damu na uvimbe hukutana. Kwa ujumla, AFP iliyo juu sana huambatana na uvimbe mkubwa, seli zilizopotoka zaidi na mishipa iliyovamiwa. Watafiti wa Ufaransa walilitumia jambo hilo mwaka 2012 walipotengeneza utaratibu wa alama unaojumlisha ukubwa wa uvimbe, idadi ya vinundu na kiwango cha AFP, badala ya kutegemea sentimita pekee. Mgonjwa mwenye vinundu vilivyomo ndani ya vipimo vya Milan lakini mwenye AFP inayozidi 1,000 huonwa kuwa na uvimbe wenye hatari ya kurudi baada ya upasuaji.

AFP si protini pekee inayopimwa. Ipo DCP, inayojulikana pia kwa jina la PIVKA-II, ambayo ni protini ya kugandisha damu iliyotoka kwenye ini ikiwa haijakamilika. Mwaka 1984 iliripotiwa kuwa nyingi katika damu ya wagonjwa wa saratani ya ini, na tangu hapo imeonekana kuhusiana kwa karibu na uvamizi wa mishipa. Baadhi ya wagonjwa wenye AFP ya kawaida huwa na DCP ya juu, hivyo vipimo viwili kwa pamoja hunasa wengi kuliko kimoja. Mwenye upungufu wa vitamini K, au anayetumia dawa ya warfarin ya kuzuia damu kuganda, huweza kuwa nayo juu bila saratani, na anapaswa kumweleza daktari kabla ya kupimwa. Ipo pia AFP-L3, sehemu ya AFP yenye mnyororo wa sukari wa aina ya pekee ambao hutolewa zaidi na seli za saratani. Protini iitwayo glipikani-3 hutafutwa kwenye kinyama kwa kutia rangi maalumu pale seli zinapoacha shaka. Vipimo hivi vya ziada hutumika zaidi Japani, nchi yenye mpango wa siku nyingi wa kuwafuatilia watu wenye homa ya ini. Kwa hospitali nyingi za Afrika Mashariki, altrasaundi na AFP ndiyo silaha zilizo karibu, na zikitumiwa pamoja si haba. Utafiti uliofanyika Shanghai kwa watu 18,816 wenye historia ya homa ya ini B, na kuchapishwa mwaka 2004, ulionesha kuwa kupimwa AFP na altrasaundi kila baada ya miezi sita kulipunguza vifo vya saratani ya ini kwa asilimia 37, ingawa si washiriki wote waliohudhuria kila mara.

Kwa nini wagonjwa wa Kiafrika hufika wakiwa na tarakimu kubwa

Mwaka 2017 jopo la watafiti kutoka nchi tisa za Afrika, Tanzania na Uganda zikiwamo, lilichapisha taarifa za wagonjwa 2,566 wa saratani ya ini. Karibu nusu walikuwa wa Misri. Wagonjwa wa Misri walikuwa na umri wa kati wa miaka 58, na nusu yao waliishi zaidi ya miezi 10 baada ya kugundulika. Katika nchi nyingine nane umri wa kati ulikuwa miaka 46, na nusu ya wagonjwa hawakufikisha miezi mitatu. Asilimia 76 ya wagonjwa wa Misri walipata angalau tiba moja iliyolenga saratani yenyewe. Kwingineko walikuwa asilimia 3.

Tofauti hiyo haitokani na madaktari wa Misri kuwa na dawa ya siri. Nchini humo chanzo kikubwa ni virusi vya homa ya ini C, ambavyo kwa kawaida hujaza ini makovu kwanza, na watu wenye makovu hufuatiliwa kwa altrasaundi. Kusini mwa Sahara chanzo kikubwa ni virusi vya aina ya B, mara nyingi vikisaidiwa na sumukuvu, na saratani inaweza kutokea kwa kijana ambaye ini lake halina makovu wala hajawahi kulazwa. Anaendelea kulima hadi uvimbe unapokuwa mkubwa kiasi cha kushikika kwa mkono chini ya mbavu za kulia. Huko Johannesburg, Profesa Michael Kew, aliyechunguza wagonjwa wa aina hiyo kwa miongo kadhaa, aliwakuta wengi wao wakiwa na AFP ya juu sana. Kwa maneno mengine, kipimo hicho hufanya kazi vizuri zaidi kwa mgonjwa aliyechelewa.

Kwa mkazi wa Kagerankanda dalili za mwanzo hufanana na mambo mengi: maumivu ya upande wa kulia, kukosa hamu ya kula, kupungua uzito, uchovu. Ni rahisi kuyatibu kama vidonda vya tumbo au malaria kwa miezi kadhaa. Macho kuwa ya njano na tumbo kujaa maji huja baadaye. Ni vyema kufahamu pia kuwa si kila tumbo lililojaa maji ni saratani. Kichocho cha tumbo na makovu ya ini huleta hali hiyohiyo, na vina matibabu yake. Altrasaundi ndiyo hutenganisha.

Viashiria vinavyotangulia uvimbe

Kirusi cha homa ya ini B kina ganda la protini ambalo huzagaa kwenye damu ya mtu aliyeambukizwa. Baruch Blumberg wa Marekani na wenzake waliliripoti mwaka 1965 wakiwa hawajajua kuwa ni sehemu ya kirusi, na mwaka 1976 alitunukiwa Tuzo ya Nobel. Tarehe yake ya kuzaliwa, 28 Julai, ndiyo inayoadhimishwa kuwa Siku ya Homa ya Ini Duniani. Protini hiyo, iitwayo HBsAg, hupimwa kwa kijiti cha haraka na tone la damu, na majibu hupatikana ndani ya nusu saa. Ni kipimo kilekile kinachofanywa kwa kila chupa ya damu inayochangwa kupitia Mpango wa Taifa wa Damu Salama, na baadhi ya wachangiaji hujua hali yao kwa njia hiyo kwa mara ya kwanza. Mtu anapoendelea kuwa nayo kwa zaidi ya miezi sita huhesabiwa kuwa anaishi na maambukizi sugu. WHO ilikadiria kuwa watu milioni 254 duniani walikuwa katika hali hiyo mwaka 2022.

Uzito wa kiashiria hiki ulithibitishwa mwaka 1981, pale Palmer Beasley na wenzake walipotoa matokeo ya kuwafuatilia wanaume 22,707 nchini Taiwan. Wenye HBsAg walikuwa na hatari ya kupata saratani ya ini mara 223 zaidi ya wasio nayo. Ni nadra katika elimu ya magonjwa kukuta tofauti ya ukubwa huo.

Kiashiria cha pili kinatoka jikoni. Aflatoksini B1 inapofika kwenye ini hugeuzwa kuwa umbo kali linalong'ang'ania chochote kilicho jirani. Sehemu yake hushika vinasaba vya seli. Sehemu nyingine hushika albumini, protini iliyo nyingi kuliko zote katika majimaji ya damu, ambayo hutengenezwa na ini hilohilo. Kwa kuwa albumini hudumu kwa wiki kadhaa, kiasi cha aflatoksini kilichoshikamana nayo hueleza mtu amekula sumu kiasi gani katika miezi miwili au mitatu iliyopita, si katika mlo wa jana. Kipimo hiki ni cha maabara za utafiti na hakitolewi hospitalini, lakini kimeeleza mengi kuhusu Tanzania. Watafiti wakiongozwa na Candida Shirima walikitumia kwa watoto 166 waliokuwa na umri wa miezi 6 hadi 14, katika vijiji vitatu vya mikoa ya Iringa, Kilimanjaro na Tabora, na matokeo yakachapishwa mwaka 2015. Mwanzoni asilimia 84 ya watoto walikuwa na alama ya aflatoksini kwenye damu. Mwaka mmoja baadaye, walipokwisha kuzoea uji na ugali, walikuwa asilimia 99. Tabora ni jirani wa Kigoma, na mahindi huvuka mipaka ya mikoa kila siku.

Sumu hiyo huacha alama hata ndani ya uvimbe. Mwaka 1991 makundi mawili ya watafiti, moja likichunguza wagonjwa wa Qidong nchini China na jingine wa kusini mwa Afrika, yalikuta badiliko lilelile mahali palepale, kwenye namba 249 ya jeni ya TP53. Jeni hiyo huongoza utengenezaji wa protini inayozuia seli zilizoharibika zisiendelee kugawanyika. Badiliko hilo huiharibu protini hiyo, na seli hupoteza breki. Mtaalamu anayeliona kwenye kinyama huwa na sababu nzuri ya kuamini kuwa aflatoksini ilihusika.

Hatari kubwa zaidi ni viashiria vyote viwili kukutana kwa mtu mmoja. Utafiti mwingine wa Shanghai, uliofuatilia wanaume 18,244 na kuchapisha matokeo yake kati ya 1992 na 1994, uliwakuta waliokuwa na alama ya aflatoksini pekee wakiwa na hatari mara 3 hivi ya wasio na chochote. Wenye HBsAg pekee walikuwa mara 7. Wenye vyote viwili walikuwa karibu mara 60. Hesabu hiyo haijumlishi, inazidisha, na ndiyo sababu kukausha mahindi vizuri kunamsaidia hata mtu ambaye tayari ana virusi.

Ukanda huu una ushahidi wake wa zamani. Uchunguzi wa vyakula nchini Uganda, uliochapishwa mwaka 1971, uliihusisha aflatoksini ya vyakula na wingi wa saratani ya ini, na ule wa Murang'a nchini Kenya wa mwaka 1973 ulionesha kuwa sumu katika mlo na saratani vilikwenda pamoja, vikizidi katika maeneo ya chini ya wilaya. Wakazi wa nyanda za juu wasilichukulie hilo kuwa kinga, kwani punje mbichi huota ukungu ghalani bila kuuliza mwinuko wa kijiji. Katika kiwango cha juu sana sumu hii huua ndani ya siku chache. Kenya ilipoteza watu 125 mwaka 2004, wengi wao wa Makueni na Kitui, na Tanzania ilipoteza watu 20 kati ya 68 waliougua katika mikoa ya Dodoma na Manyara mwaka 2016. Wanaokula kidogo kidogo kwa miaka hawahesabiwi katika orodha hizo.

Ghalani na zahanati

Kiwango kinachokubalika kwa mahindi katika Jumuiya ya Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 za aflatoksini kwa kilo, ambapo B1 peke yake isizidi 5, na unyevu wa punje usizidi asilimia 13.5. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa hoja ya sumukuvu, hivyo mkulima wa Kasulu anayeuza nje ana sababu ya mfukoni pia. Sumu hii haiondolewi na kupika ugali, na kuyatenga mahindi yaliyoharibika kwa ajili ya pombe au chakula cha kuku huihamisha tu. Kinachosaidia ni kuanika juu ya turubai badala ya udongo mtupu, kupukuchua bila kupasua punje, kuchambua zilizobadilika rangi, kukoboa, na kuhifadhi nafaka iliyokauka katika mifuko isiyopitisha hewa, ile ambayo wengi huijua kwa jina la kinga njaa. Karanga zilizosinyaa au zenye ukungu zisisagwe kwa ajili ya uji wa watoto.

Chanjo ya homa ya ini B iliingizwa katika utaratibu wa kitaifa wa chanjo za watoto mwaka 2002, na tangu 2009 hutolewa ndani ya chanjo ya pamoja ya magonjwa matano, katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Maana yake ni kwamba watu wazima waliozaliwa kabla ya 2002, ambao ndio wengi wa wakuu wa kaya hivi sasa, hawakuipata utotoni kupitia utaratibu huo. Kwao hatua ya kwanza ni kipimo cha HBsAg. Asiye na virusi anaweza kuchanjwa dozi tatu katika muda wa miezi sita. Aliye navyo hachanjwi. Hutathminiwa kama anahitaji dawa ya kila siku, ambayo hupunguza wingi wa virusi na hatari ya saratani, na hupangiwa kupimwa ini kila baada ya miezi sita. Muda huo umewekwa kwa kuzingatia kuwa uvimbe wa ini kwa wastani huchukua miezi minne hadi sita kuongezeka maradufu. Watu wa kaya yake nao hupimwa, kwa kuwa virusi hivyo hupita kwa damu, kwa kujamiiana na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kujifungua. Kula pamoja na kupeana mikono hakuviambukizi.

Rufaa kutoka vijijini huanzia zahanati na kituo cha afya, hupita hospitali ya wilaya na kufika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Maweni mjini Kigoma. Wanaohitaji huduma za kibingwa zaidi hupelekwa hospitali kubwa kama Bugando jijini Mwanza, au Muhimbili na Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam. Mgonjwa anayesafiri anashauriwa kubeba majibu yake yote ya AFP, yakiwa na tarehe na jina la maabara, pamoja na picha za altrasaundi, ripoti yake na jibu la HBsAg. Tarakimu ya zamani iliyoonekana haina maana inaweza kuwa ndiyo inayomwonesha daktari kwamba kiwango kimepanda mara tatu ndani ya miezi mitano.